Sindano Yangu na Vidonge vya Jirani

Siku ya kuniaga mlinipa kitenge kizuri, mkaniomba niseme maneno mawili. Nikasema aksanti, nikakaa. Wengine mlicheka, maana Mama Riziki mnamjua, hajawahi kusema maneno mawili tu tangu aanze kazi. Ukweli ni kwamba jambo nililotaka kuwaambia haliwezi kusemwa kati ya soda na wali, watu wanasubiri kucheza. Sasa niko nyumbani, asubuhi hakuna anayenisubiri isipokuwa kuku, na nafasi ya kuandika ninayo. Someni ninyi wauguzi mnaobaki, hasa wenye sauti kubwa kama yangu.

Nilianzia Fizi, kule juu vilimani. Nilifika na viatu vyeupe vya shule ya uuguzi, na tope la Fizi likavimaliza kabla ya saa sita mchana. Aliyenipokea ni Papa Wilondja, muuguzi wa zamani, mfupi, mwenye saa kubwa mkononi. Nilifikiri atanipa sindano nichome mtu, nionyeshe ninavyojua. Akaniketisha kando ya kitanda cha mzee aliyelala na kuniambia nihesabu pumzi zake dakika nzima. Nilihesabu nusu dakika, nikazidisha mara mbili, nikampelekea jibu.

"Ile nusu ingine, ni nani alihesabu?" akaniuliza.

Nikarudi kuhesabu. Siku hiyo nilihesabu pumzi za wodi nzima, nikimtukana kimoyomoyo. Jioni ndipo akanieleza. "Muntu wa homa atakulilia, mwanangu. Muntu wa kuvunjika muguu atakutukana. Lakini ile dawa ya kulalisha ikimushinda muntu, hatakuambia kitu. Atalala muzuri, muzuri, na we utafurahi, utasema sasa amepumuzika. Njo pale anaenda, anakufa."

Katika kabati lake la dawa kulikuwa na chupa tatu zilizofungwa pamoja kwa kipande kimoja cha bendeji. Ya kwanza diazepamu, ambayo watu wa kwetu wanaiita valiumu. Ya pili dawa ya kifafa, gardenali. Ya tatu prometazini, ile ya kuwashwa na mafua, ambayo hakuna anayeiogopa kwa sababu ni ya mafua. Ukitaka moja, ilibidi ufungue fundo, na ukifungua fundo ulikumbuka kwamba hizi nyingine mbili zipo. Kila moja peke yake inafanya kazi yake na kwenda zake. Zikikutana ndani ya mtu mmoja, zote zinakandamiza mahali pamoja, pale pumzi inapoanzia. Pombe kali nayo ukiongeza, hali inazidi kuwa mbaya. Nililalamika kwamba fundo lake linapoteza muda. Alinijibu kwamba kuzika kunapoteza muda zaidi.

Shida ni kwamba fundo la Papa Wilondja lilikuwa linafunga kabati letu tu. Sokoni hakuna fundo. Pale mezani, kati ya chumvi na betri za tochi, vidonge vinauzwa vimemwagwa ndani ya vikaratasi, havina jina. Watu wanaviita kwa kazi yake: ya mgongo, ya mawazo, ya usingizi. Na mtu wa kwetu akibakiwa na dawa hatupi. Anaifunga kwenye ncha ya kitenge, siku jirani yake akiumwa anafungua na kumpa. Anampa kwa roho safi kabisa, kama anavyompa chumvi.

Mimi nilipigana na jambo hilo kwa silaha niliyokuwa nayo, yaani mdomo. Nilipopelekwa Kilembwe nilianzisha desturi yangu. Mgonjwa akiletwa, ninauliza mbele ya benchi lote: "Mulimupatia nini kule nyumbani?" Ole wake mama atakayejibu kwamba alimpa kidonge cha sokoni. Nilimwosha! Nilimwambia yeye ndiye muuaji, kisha nikawageukia waliokaa na kuwauliza kama kuna muuaji mwingine. Watu waliinama. Baada ya miezi kadhaa, kila niliyemuuliza alinijibu, "Hapana, Mama, hatukumupa kitu." Nilijipongeza, jamani. Niliamini nimeishinda meza ya sokoni. Kumbe akina mama walikuwa wanafundishana njiani: ukifika kwa Mama Riziki, kataa. Kwa miaka mingi nimeandika "hakuna" kwenye daftari, kwa mwandiko mzuri, na mistari imenyooka.

Kisha wakimbizi wa Burundi wakaja, kambi ikafunguliwa Lusenda, na mimi nikahamishiwa kituo kidogo cha afya upande wa ziwa, kati ya kambi na Baraka. Jina lake sitaliandika, wenyewe mnalijua. Tulikuwa wauguzi wawili wa zamu, mimi na Bahati, kijana mtulivu mwenye mikono mizuri ya kushika mshipa. Tulikuwa na puto moja la kupumulisha watu wazima, lile la mpira lenye kinyago cha usoni unalokamua kwa mkono, jingine dogo la watoto wachanga kwenye chumba cha kuzalishia, na kifaa cha kupima hewa kidoleni ambacho betri zake zilikuwa zimekufa. Hewa ya oksijeni hatukuwa nayo. Kwa hiyo tulitumia macho na saa ya ukutani.

Pale nilimfahamu Evelina, mama kijana wa Kirundi, mwembamba, mwenye kucheka haraka. Alikuwa na kifafa tangu utoto. Gardenali yake alikuwa anaichukua kambini, anameza kila jioni, na kifafa kilikuwa kimetulia. Alilima muhogo katika shamba la Mama Apolina, Mbembe wa pale pale, mjane wa kwanza kumkaribisha. Waligawana vyakula, walibebeana watoto. Evelina akishika jembe, mtoto wake wa kike wa miezi mitano alikuwa mgongoni kwa Apolina, na watu walizoea hivyo mpaka wengine walifikiri ni mjukuu wake.

Masika moja mvua iliharibu barabara na dawa zikachelewa kufika. Asubuhi moja, kama saa tatu, nikasikia kelele nje. Wanaume wanne walikuwa wamebeba kitanda cha miti wakikimbia, na juu yake ni Evelina, anatikisika mwili mzima, meno yamekazana. Nyuma yake mume wake Deo, miguu mitupu, na Mama Apolina na mtoto mgongoni.

Tulimlaza ubavu. Bahati akatafuta mshipa, akaupata mara ya kwanza. Nikawageukia. Benchi lilikuwa limejaa, kliniki ya watoto ilikuwa siku hiyo.

"Mulimupatia nini?"

"Hapana, Mama," akasema Deo.

"Nauliza mulimupatia nini kule nyumbani!"

"Hatukumupa kitu, Mama," akasema Apolina, anaangalia chini.

Hayo ndiyo majibu niliyoyazoea. Nikafungua kichupa cha sindano, ampuli ya diazepamu, nikaisukuma polepole mshipani kama inavyotakiwa. Akatulia. Baada ya dakika chache akaanza tena kutikisika, nikampa ya pili. Mwongozo unaruhusu. Ningekuwa mbele ya wakaguzi wangenipigia makofi. Evelina akalegea, uso ukafunguka, akalala muzuri, muzuri.

Nilianza kuandika kwenye daftari. Bahati ndiye aliyesema, kwa sauti ya chini, "Mama, iko anapumua?"

Niliacha kalamu. Tumbo la Evelina halikuwa linapanda. Nikatazama saa ya ukutani, nikasubiri. Likapanda mara moja, kidogo. Nikasubiri tena. Midomo ilikuwa inageuka rangi. Dakika nzima niliyoihesabu ilikuwa na pumzi nne.

"Puto!" nikapiga kelele, na hiyo kelele ilikuwa ya haki.

Tulimgeuza chali, nikavuta taya yake mbele, nikabana kinyago usoni, Bahati akakamua. Kifua kikapanda. Akaachia, kikashuka. Kamua, achia. Deo alisimama ukutani ameshika kichwa. Mmoja wa wabebaji alikimbia na simu yangu mpaka kwenye kilima, pale mtandao unapopatikana, kuomba gari la wagonjwa. Akarudi na jibu kwamba linakuja, lakini barabara ni mbaya, tuhesabu masaa. Mtu mmoja nje akasema tumpakie kwenye moto, yaani pikipiki, kati ya watu wawili, tumkimbize. Nilimkatalia. Juu ya moto hakuna anayeweza kukamua puto, mgonjwa angefika akiwa maiti aliyekaa wima.

Sasa niwaambie kilichonitesa. Ampuli mbili kwa mtu wa uzito ule zinaweza kumlegeza, ndiyo. Lakini si kumzima hivi. Kulikuwa na kitu kingine ndani, na sikujua ni nini, wala ni kiasi gani, wala kilimezwa lini. Kama ni vidonge vya muda mfupi uliopita, bado vilikuwa vinaingia kwenye damu, na hali ingezidi kuwa mbaya. Kama mgonjwa angetikisika tena, ningempa nini? Kila dawa niliyokuwa nayo ya kuzuia kifafa ilitoka katika fundo lile lile. Ningeweza kummaliza kwa mkono wangu, nikifikiri ninamwokoa.

Nikauliza mara ya tatu, na nakiri kwamba nilifoka. "Anakufa muntu hapa! Nani alimupa dawa? Semeni!"

Akina mama wa benchi walikuwa wamesogea mlangoni kuangalia. Deo aliwatazama wale watu, akanitazama mimi. Mama Apolina alirudi nyuma hatua moja, halafu hatua nyingine. Na mimi, sijui kwa nini siku ile na si siku nyingine, niliona. Niliona kwamba wananiogopa mimi kuliko wanavyoogopa kifo kilichokuwa pale mezani. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Nilimwachia Bahati kinyago na puto, ashike kimoja kwa kila mkono. Nikaenda kufunga mlango, benchi likabaki nje. Nikatandika kitenge changu sakafuni, nikakaa chini, miguu imenyooka, kama mtu anayemenya maharagwe. Nikaziweka zile ampuli mbili tupu juu yake.

"Hii njo dawa yangu," nikasema. "Mi njo nilimupa. Mbili. Nilimupa bila kujua mbele ya hapo alikula nini, na sasa hapumui juu ya dawa yangu. Kama kuna mubaya hapa, wa kwanza ni mimi. Sitakaripia muntu. Nataka tu kujua, nisimuue."

Nikawaonyesha mahali pa kukaa, mbele ya kitenge.

Deo ndiye aliyekaa kwanza. Akachomoa kikaratasi kwenye mfuko wa shati. "Gardenali, Mama. Ilikuwa imekosekana siku ine. Jana ikapatikana. Akasema anakosa siku ine, basi akamate za siku ine zote pamoja, asibaki nyuma. Alikula jana, na asubuhi akaongeza. Mi sikumukataza. Nilisema anajua dawa yake."

Kumeza dawa za siku zilizopita kwa pamoja! Siku nne bila dawa zilikuwa zimekwisha kuamsha kifafa, na wingi huo haukuwahi kukizuia. Nimefanya kazi maisha yangu yote na sikuwahi kumwambia mgonjwa mmoja wa kifafa kwamba siku iliyopita imepita, usiirudishe. Sikuwahi kufikiri kuna haja.

"Vizuri, Deo. Umefanya vizuri kusema. Weka hapa."

Akaweka. Nikamtazama Mama Apolina. Alikuwa bado amesimama, analia bila sauti. Akainama, akafungua fundo kwenye ncha ya kitenge chake, akatoa kidonge kimoja cheupe kilichobaki.

"Ya marehemu bwana yangu," akasema. "Ya usingizi. Asubuhi Evelina, mutoto wa bantu, alikuwa anatetemeka mikono, anasema kichwa kinazunguka. Nikasema labda hajalala, nimusaidie. Nilimupa bidonge bibili. Mama, mi nilimupenda tu."

"Najua, dada yangu. Weka hapa."

Akaweka karibu na ampuli zangu. Watu watatu, Evelina mwenyewe, Apolina na mimi, kila mmoja aliongeza kitu cha kumtuliza. Nikaanza kuinuka niende kumsaidia Bahati, mikono yake ilikuwa imeanza kuchoka. Mama Apolina akanishika goti.

"Bado, Mama. Kuna hii."

Akafungua fundo la pili. Kichupa kidogo cha dawa ya maji, ya mafua, nusu kimekwisha. Nikasoma karatasi yake. Prometazini.

"Hii pia ulimupa Evelina?"

Akatikisa kichwa. Akatazama begani kwake, na mimi nikatazama anapotazama.

Tangu wafike sikuwa nimesikia mtoto yule akilia. Mama yake anabebwa mbio, wanaume wanapiga kelele, mimi ninafoka, na mtoto kimya. Kichwa chake kilikuwa kimelala upande, mdomo wazi. Wote tulikuwa tumemwona. Nadhani wote tulifikiri, afadhali huyu amelala.

"Alikuwa analia sana kwa kumuona mama yake vile," Apolina akasema. "Nikamupa kijiko. Kijiko kimoja, na kingine njiani."

Neno lilinifika kooni, mnalijua neno lenyewe. Nikalimeza. "Mufungue," nikasema. "Polepole. Nipe."

Alikuwa vuguvugu na mzito kama nguo iliyoloa. Na msisahau kwamba alikuwa ananyonya, kwa hiyo hata maziwa ya mama yalikuwa yanampa gardenali yake. Nikamlaza juu ya meza ya kupimia uzito, nikamvua, nikatazama tumbo. Lilipanda. Likakaa. Nikahesabu moyoni mpaka kumi ndipo likapanda tena. Nikamkwaruza nyayo, akakunja uso kidogo tu, akaacha.

Mikono yangu ilikuwa miwili na ya Bahati miwili, na watu wa kupumulisha walikuwa wawili. Nikamwita Deo. "Kuja hapa. Bahati atashika hii usoni kwa mikono yote miwili, we utakamua. Kamua, moja, mbili, tatu, ine. Kamua. Usiharakishe hata ukiogopa." Mtu yule alikuwa hajawahi kushika kitu cha hospitali, lakini alikamua kwa kufuata hesabu kama mtu anayepiga kasia, na machozi yanamtoka. Apolina nikamtuma chumba cha kuzalishia alete puto dogo. Alikimbia, kitenge kikamwanguka njiani, hakukiokota.

Nikaanza na mtoto. Kifua cha mtoto ni kidogo, unakamua kwa vidole viwili, ukikamua kwa nguvu unaharibu. Nilisikia upande mmoja Deo anahesabu kwa Kirundi, mimi ninahesabu kwa Kiswahili, na Mama Apolina, aliyekuwa amepiga magoti ananishikia taa ya simu, anahesabu kwa Kibembe, sijui alikuwa anahesabu nini. Nilimwambia asugue mgongo wa mtoto, azungumze naye kwa sauti anayoijua. Akaanza kumwita. Alimwita kwa majina yote ya mapenzi anayomwitia shambani.

Saa nne ikapita. Saa tano. Nilipoacha kukamua ili nimtazame, alipumua mwenyewe mara tatu, akasahau. Nikaendelea. Bahati na Deo walibadilishana kazi. Shati la Deo lililowa jasho likabadilika rangi. Kila nikiinua macho niliiona midomo ya Evelina, na ilikuwa ya waridi, basi ninarudi kwa mtoto.

Karibu na saa sita mtoto akavuta mguu. Kisha akakunja uso, akafungua mdomo na kulia. Kilio kibaya, cha kukwaruza, cha mtu aliyeamshwa kwa nguvu. Benchi lote lililokuwa nje ya mlango lilipiga vigelegele, maana hakuna aliyekuwa ameondoka. Mama Apolina alikaa sakafuni, akafunika uso.

Gari lilifika saa nane, limejaa tope mpaka kwenye vioo, lina oksijeni. Niliwakabidhi wote wawili, pamoja na kitenge changu chenye ampuli, kikaratasi, kidonge na kichupa, nikamwambia daktari aliyekuja nalo kila kitu na saa yake. Alinishukuru kwa kumletea habari kamili. Sikumweleza ilipatikanaje. Evelina alipumua mwenyewe usiku huo, akafungua macho kesho yake, akaomba mtoto.

Jioni niliandika kwenye daftari la kituo. Pale ambapo miaka yote niliandika "hakuna", niliandika orodha, na nikaanza na jina langu. Tangu hapo tuliondoa swali kwenye benchi. Tunauliza ndani, mlango umefungwa, na muuguzi anakaa chini ya kimo cha anayemuuliza. Swali ni lile lile, wamempa nini, lakini bila kumtisha mtu, kwa sababu mtu anayempenda mgonjwa hawezi kukaa mikono mitupu. Na kila mgonjwa wa kifafa anaambiwa kwamba kidonge kilichokosekana hakirudishwi. Msiache mambo haya, nawaomba.

Baada ya wiki kadhaa Evelina na Mama Apolina walikuja kunisalimia na kikapu cha ndagala, dagaa wa ziwa letu. Mtoto alikuwa pale pale mgongoni, amenona, anavuta hereni ya Apolina. Tuliongea, tulicheka kidogo, Evelina akaenda kwa Bahati kuchukua dawa yake. Tulipobaki wawili nilimuuliza Apolina jambo lililokuwa linanisumbua: nilipofoka mara ya tatu, alipokuwa anarudi nyuma hatua kwa hatua, alikuwa anaenda wapi?

"Kwangu, Mama," akasema. Alisema bila ukali wowote. "Niliogopa utaona mutoto, utanipigia kelele mbele ya bantu. Nilisema nitoke polepole, nimupeleke kwangu, alale kitandani, ataamuka mwenyewe. Nilikuwa nimeshashika mulango niufungue tena. Njo nikakuona umekaa chini."

Kutoka mlango ule mpaka nyumbani kwake ni mwendo wa nusu saa, na kule hakuna puto.